Je, Mnunuzi Naye Hupunja?

Mwuzaji apunjaye vipimo sote twamjua, na Kurani Tukufu ina sura iitwayo kwa jina la watu hao, Al-Mutaffifin. Lakini mnunuzi je? Anunuapo kakao kwa bei isiyomlisha mkulima, hana sehemu yake katika dhuluma hiyo?

Pengine utajibu: "Bei sikuipanga mimi." Jibu hilo si la kudharauliwa. Hata hivyo watu wa Garstang, mji mdogo wa Uingereza wenye wakazi wapatao 4,000, hawakuridhika nalo. Walijua kwamba meli za bandari ya Lancaster, iliyo karibu nao, zilibeba watumwa wa Afrika katika karne ya 18. Basi wachache wao wakawaendea wenye maduka, makanisa na shule, wakiwaomba watumie chai, kahawa na chokoleti zenye alama ya Fairtrade, ambazo mkulima wake huongezewa fedha za maendeleo ya ushirika wake. Mwaka 2000 wakajitangaza mji wa kwanza duniani wa biashara ya haki. Baadaye wakafunga udugu na New Koforidua, mji wa wakulima wa kakao nchini Ghana.

Kweli, alama hiyo haimalizi umaskini. Wakulima wengi huuza sehemu tu ya mazao yao kwa masharti hayo. Lakini mtu mmoja dukani husikilizwa kwa nadra; jamaa ya watu hamsini wanunuao chai ya mikutano yao pamoja, mwenye duka huwauliza wanataka ipi.

Nanyi mkiulizwa, mtajibu nini?