Najisi Inayootesha Nyasi

Kwa madhehebu yetu ya Shafii, hapa Tanga, mavi ya ng'ombe ni najisi. Yakigusa kanzu yangu alfajiri nikiwa zizini, sisali mpaka niifue. Wamaliki wanayahesabu twahara, kwa kuwa ng'ombe ni mnyama wa kuliwa. Lakini hata wanazuoni wetu hawakukataza kuyatia shambani, wala hawakusema kinachoota hapo ni najisi. Vijana wa darasa langu huuliza: basi ile najisi imekwenda wapi?

Nawapeleka malishoni. Fukua kwa kijiti donge la siku chache: juu limefanya ganda, ndani bado bichi, madundu wameshalitoboa na kuyashusha mavi ardhini. Baadaye nyasi za pembeni hukolea kijani, ingawa ng'ombe mwenyewe huzikwepa kwa muda. Huko chini bakteria wanayavunjavunja. Nitrojeni iliyofungwa humo inakuwa amonia, bakteria wengine wanaipokea na kuigeuza naitreti, na hiyo mzizi unaifyonza. Kule Narok, Kenya, watafiti walichunguza maboma ya wafugaji wa kale, na mwaka 2018 wakaeleza kuwa udongo wa pale mifugo ilipolala ungali na fosforasi na rutuba zaidi kuliko wa jirani, baada ya miaka kati ya 1,500 na 3,700 hivi.

Kwa hiyo naamini hukumu ya najisi inanihusu mimi ninayesimama kwenye mswala. Haikishushi hadhi kilichoumbwa. Surat An-Nahl, aya ya 66, inapotukumbusha neema ya maziwa, inayataja mavi bila kificho.

Kinachonitia hofu ni mikono yetu. Ng'ombe akichomwa antibiotiki, sehemu ya dawa hutoka na mavi yake, na bakteria sugu wakaingia udongoni pamoja na samadi. Samadi mbichi ikilundikwa kando ya kijito, masika huipeleka kwenye maji wanayoteka jirani zangu. Lundo likigeuzwa ipasavyo hupata joto la nyuzi 55 na zaidi, na vijidudu vingi vya maradhi hufa humo. Kazi yenyewe inanuka na inachosha mgongo, nami naihesabu katika haki za jirani, sawa na kumjulia hali anapougua. Mwanafunzi anayetaka kunisikia nikifundisha fikihi ya maji, kwanza ananisaidia kugeuza lundo.