Nani Anakaa Nyuma ya Darasa?

Ukitaka kumwona mwalimu akibadilika rangi, mwambie mwenzake anakuja kukaa nyuma ya darasa lake. Andalio la somo litatafutwa, zana zitatolewa kabatini, watoto watatishwa. Tumelelewa na ukaguzi. Aliyezoea kukaa kule nyuma ni mkaguzi, siku hizi mdhibiti ubora, na kalamu yake haina utani.

Ndiyo maana umoja wetu wa walimu huishia semina. Tunakutana kituo cha kata, tunasaini posho, tunafungua kundi la WhatsApp. Baada ya muda kundi limebaki la salamu za asubuhi na michango ya misiba. (Misiba nayo ina haki yake, sikatai.)

Wajapani wana desturi ya tangu karne ya 19: walimu hupanga somo moja pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanawatazama wanafunzi, kisha wote wanakaa kulichambua. Kenya nayo, kupitia mradi wa SMASSE ulioanza 1998 kwa kushirikiana na Japani, iliwazoeza walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari kupanga, kutenda, kutazama na kuboresha. Kwetu Tanzania, MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, inataka walimu wajifunze pamoja palepale shuleni.

Faida yake nimeiona darasa la tatu, somo la kutoa. Ubaoni 52 kutoa 27. Mwalimu akaeleza vizuri jinsi ya kuazima kumi, watoto wakaitikia "ndiyooo". Mwenzake, aliyebanana nao dawati la nyuma, akachungulia madaftari: 35, 35, 35. Mbili haitoi saba, basi wao wamegeuza, saba kutoa mbili. Ukiwa umeshika chaki hulioni hilo, unasikia "ndiyooo" tu.

Kipindi kilipoisha hakutoa hotuba. Aliuliza, "Mwalimu, hiyo 35 wameipataje?" Wakalipanga upya somo kwa vijiti vilivyofungwa kumikumi, na zamu hii aliyekuwa mtazamaji akaenda kulifundisha mkondo B.

Hapakuwa na posho. Palikuwa na mwalimu mkuu aliyekubali kupangua ratiba ili mmoja apate nafasi ya kutazama. Sasa shule yenye walimu wanne na madarasa saba, wawili wakikaa la tatu, nani abaki na la pili? Ningependa maofisa elimu wetu walijibu hilo kabla ya kuitisha semina nyingine.