Zabibu ya Aina Moja

Hapa Bunia, mkoani Ituri, mashariki mwa Kongo, hatuna mizabibu. Divai ya harusi zetu, na hata ile ya altare, imetoka mbali. Kwa hiyo mtu wa Ituri akisimuliwa habari za shamba la mizabibu la Château Rayas, kule Châteauneuf-du-Pape kusini mwa Ufaransa, ana haki ya kuuliza inamhusu nini. Mimi inanihusu kwa ukaidi wake. Sheria za eneo lile zinamruhusu mkulima kuchanganya zabibu za aina 13, na wengi huchanganya. Rayas, kwa divai yake nyekundu, imeng'ang'ania aina moja tu: Grenache.

Nayo si zabibu ya mtu mwenye haraka. Inastahimili jua, ukame na upepo, lakini inachelewa kuiva. Ganda lake jembamba, rangi yake hafifu, na ikiachwa juani sukari hupanda hadi divai ikafika kilevi cha asilimia 15. Ikipigwa na hewa ovyo, ladha inapotea. Ndiyo maana wengi huiongezea zabibu nyingine, Syrah, ipate rangi na nguvu. Anayeitengeneza peke yake hana pa kujificha. Uzembe wa shambani mnywaji ataukuta kwenye glasi.

Halafu kuna umri. Mzabibu hutaka kama miaka mitatu kabla ya kutoa mavuno ya maana, na Grenache inayoheshimiwa sana hutoka kwenye mashina ya miaka 50, 80, mengine yamepita 100. Shina zee huzaa kidogo. Mwenye kupiga hesabu za mwaka mmoja angeling'oa. Wakulima wa Grenache wanalitunza, kwa kuwa hayo matunda machache yamekolea.

Hapo ndipo mawazo yangu hurudi Djugu, hapahapa Ituri. Milima ile inaijua kahawa ya arabika tangu enzi za Wabelgiji, na mkahawa nao hukaa miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vizuri. Lakini vita vilianza 1999, vikatulia, vikarudi mwishoni mwa 2017. Tangu Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi. Aliyekimbilia kambini akirudi anakuta kahawa imemezwa na magugu, kama haikukatwa kuni. Basi anapanda maharagwe. Miezi mitatu, anavuna, anakula, na akilazimika kukimbia tena hasara ni ndogo.

Mahubiri mengi yangemwambia hana subira. Mimi siwezi. Tumezoea kuisifu subira kana kwamba ni mali ya moyo peke yake, wakati nusu yake ni udongo ambao hakuna atakayekufukuza juu yake. Wale wa Rayas wana moyo, sawa, lakini pia wanalala usingizi.

Hata hivyo, ukaidi wa namna ile haujatutoka. Tazama kasiksi, pombe yetu ya ndizi, inavyotengenezwa kwa adabu: ndizi zinasubiriwa ziive, zinakandwa kwa majani makavu mpaka juisi itoke, inachujwa, inatiwa unga wa mtama uliokaangwa, inafunikwa. Wapo wanaokatiza njia kwa kutia maji mengi na sukari ya dukani, na wanauza. Wapo pia wanaokataa, ingawa bei ya kikombe ni ileile.

Na wapo, Djugu hiyohiyo, wanaopanda mikahawa tena pembeni mwa maharagwe. Hao ningependa kuwauliza wanahesabu vipi.