Mgeni Asiyeweza Kulipa

Mwezi wa Novemba unapoanza, huko Ulaya majani ya miti hupukutika, baridi huingia, na watu huenda makaburini wakichukua maua na mishumaa. Kwetu kusini, tangu Mtwara na Mikindani hadi Msimbati na mlango wa mto Ruvuma, mambo ni kinyume chake. Jua ni kali, mvua za masika ya kusini bado zangojewa, na mikorosho imezaa. Mabibo yaanguka chini, na kina mama pamoja na watoto waamka alfajiri kwenda kuokota korosho. Huu ndio wakati ambao fedha ya mwaka mzima hutazamiwa. Na ndio wakati ambao Kanisa latuita kuadhimisha Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba, na kesho yake Marehemu Wote.

Siku hizi mbili si za mapumziko ya serikali. Hata hivyo familia yoyote yaweza kuzifanya kuwa sikukuu ya nyumba, au kuchagua Jumapili iliyo karibu ili waliotawanyika wapate kukutana. Jambo hilo ni jema, nasi twalisifu. Lakini kabla hatujatandika mikeka, yafaa tujiulize: sikukuu hii twaifanya kwa ajili ya nani, na kwa mali ya nani?

Twaijua desturi ya siku hizi. Karamu ikitajwa, watu huanza kuhesabu mbuzi, sare za kitambaa na gharama za muziki. Fedha ikiwa haijafika, njia ya mkato ipo karibu. Tangu mwaka 2007 korosho za kusini zimekuwa zikiuzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo wake katika chama cha msingi, hupewa stakabadhi, kisha hungoja mnada na malipo. Kungoja huko ni kugumu. Basi huja mtu wa kangomba, naye hutoa fedha taslimu papo hapo, hata korosho zikiwa bado mtini, kwa bei iliyo chini sana kuliko ya mnada. Karamu hufanywa, wageni husifu, ngoma hulia usiku kucha. Januari shule zikifunguliwa, mtoto hana sare, hana madaftari, wala hana nauli. Sikukuu ile ililiwa kutoka mfukoni mwake, naye hakuulizwa.

Wengine hawauzi, ila hukopa kwa kutumainia malipo yajayo. Hao na wakumbuke msimu wa mwaka 2018. Wakulima waligomea bei za mnada, na mwezi wa Novemba serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa nzuri, lakini wengi walingoja malipo yao kwa miezi mingi. Mwenye kukopa kwa tumaini alijifunza kwamba tumaini halikubaliwi dukani.

Huenda msomaji akatuuliza, “Je, mwatufundisha uchoyo? Wazee wetu hawakusema mgeni njoo, mwenyeji apone?” Swali hili ni la haki, wala hatulipuuzi. Ukarimu ni fadhila, na nyumba isiyopokea watu ni nyumba yenye ugonjwa. Tena kuna umaskini wa namna nyingine kwa mtu anayehesabu kila punje ya wali. Lakini ukarimu ni kutoa kilicho chako. Atoaye kilicho cha mtoto wake ili asifiwe na jirani zake hakutoa kitu; amenunua sifa, na bei akaandikiwa mwingine. Mara nyingi hata sifa hiyo ni mkopo, kwa maana twawalisha watu ili nao watulishe, twachanga ili tuchangiwe, na asiyeweza kurudisha hatumwalikiki.

Hapo ndipo sikukuu ya Marehemu inapotufundisha. Karibu mwaka 998 Odilo, abate wa Cluny katika Ufaransa, aliwaagiza watawa wake wawaombee marehemu wote tarehe 2 Novemba. Desturi hiyo ikaenea katika Kanisa la Magharibi. Mwaka 1915, vita kuu ya kwanza ilipokuwa ikiua watu wengi mno, Papa Benedikto XV aliruhusu kila padre aadhimishe Misa tatu siku hiyo. Angalieni neno “wote”. Kila ukoo huwakumbuka watu wake bila kuambiwa. Siku hii iliwekwa hata kwa wale wasio na mtu.

Kusini yetu ina wengi wa namna hiyo. Oktoba 1917, huko Mahiwa karibu na Nyangao, katika mkoa jirani wa Lindi, majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana kwa siku nne. Katika vita hiyo askari wa Kiafrika walikufa pande zote mbili, na wapagazi wengi sana walikufa kwa njaa na maradhi. Wengi wao hawana kaburi lijulikanalo. Wako wavuvi waliochukuliwa na bahari. Wako pia watu wa Kitaya, kijiji cha ukingo wa Ruvuma, waliouawa kiliposhambuliwa mwezi wa Oktoba 2020. Marehemu hawezi kutualika kwake mwezi ujao, wala hatatusifu mbele za watu. Tumtendealo halirudi kwetu kwa njia ya kibanda wala ya sinia. Tukiweza kumtendea yeye wema, twaweza kujifunza kuwatendea hivyo walio hai.

Basi sikukuu yetu na ifanyweje? Kwanza, familia iende Misa pamoja, kisha iende makaburini na majembe na mafagio. Vijana wafyeke nyasi, na wazee wataje majina. Miongoni mwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, bibi na mjomba ndio wenye hazina hiyo. Nao wakiondoka kabla ya kuulizwa, hazina imezikwa. Likiwapo pale kaburi lisilo na mtu, lifyekwe nalo.

Pili, chakula kiwe cha kutoka nyumbani: ugali au wali, samaki, kisamvu, na korosho za kukaanga. Kila nyumba ilete sufuria yake, asibebeshwe mmoja mzigo wote. Uraka usiifanye siku ya kuwaombea marehemu kuwa siku ya ugomvi wa walio hai.

Tatu, kila familia ialike mtu mmoja asiyeweza kurudisha: mjane, mlinzi aliye mbali na kwao, mwanafunzi aliyekosa nauli. Pwani hii majirani na jamaa zetu wengi ni Waislamu. Desturi njema ya wazee ni kumwita Mwislamu achinje, ili asiwepo wa kuketi kando ya sinia.

Nne, kabla ya kuagana, wazazi waweke mbele ya wote fedha ya Januari, hata ikiwa kidogo, na kusema wazi kwamba hii haiguswi.

Sikukuu ya namna hii haitasimuliwa sana sokoni. Lakini jioni, watu watakapokunja mikeka, hapatakuwa na mdai mlangoni, na mtoto atakayelala kwa shibe atakuwa bado na shule ya kwenda.