Deni la Lami ya Mikumi

Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, ambayo wengi bado wanaiita Tanzam, ilijengwa kwa nia njema. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilibanwa, kwa kuwa shaba na mafuta yake vilitegemea njia za kusini kupitia Rhodesia. Malori yakageukia Tanzania, kwenye barabara ya vumbi na tope iliyopewa jina la njia ya jehanamu kwa jinsi ilivyoua madereva. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ilikuwa imeshapita Chalinze, Morogoro, Kitonga, Makambako na Mbeya hadi mpakani.

Ila lami hiyo inakata Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, kwa takriban kilomita 50. Tembo na twiga hawakuifuata barabara. Barabara ndiyo iliyowafuata.

Ukiingia hifadhini unakutana na bango lenye orodha ya wanyama na faini ya kila mmoja. Kumgonga twiga ni maelfu ya dola. Swala ana bei yake, ya chini. Faini hiyo ni ya haki, maana wengi hawapunguzi mwendo mpaka mfuko uguswe. Lakini stakabadhi ikishakatwa, deni limekwisha?

Inasimuliwa kuwa Khalifa Umar bin Khattab, akiwa Madina, alihofia kuulizwa na Mungu endapo mnyama angejikwaa huko Iraki kwa sababu njia haikusawazishwa. Hakuwa hapo, wala mnyama hakuwa wake. Alichokuwa nacho ni mamlaka juu ya njia, na hayo yalitosha kumnyima raha.

Kwa kipimo hicho, dereva ni mdaiwa mmoja tu kati ya wengi. Tajiri anayempangia muda wa kufika Tunduma, akijua fika kwamba lazima avuke Mikumi usiku, naye anadaiwa. Waliochora ramani pia: nia njema inawaondolea lawama ya ukatili, haiwaondolei wajibu wa kuangalia kilichofuata, wao na waliorithi ofisi zao.

Na abiria je? Mchana nyani hukaa ukingoni mwa lami wakingojea mabasi. Dirisha linafunguliwa, ganda la ndizi linarushwa, na nyani mwenye mtoto mgongoni anaingia barabarani kulifuata huku lori linakuja. Akigongwa, msala ni wa dereva wa lori. Aliyerusha ganda anakaribia kijiji cha Doma, nje ya hifadhi, na katika orodha ya bangoni hana mstari wake.