Ramadhani, siku ya 12: Muadhini asiyeona



Zama za Mtume (s.a.w.) Madina ilikuwa na adhana mbili. Bilal aliadhini bado usiku, na Mtume akawaambia watu wale na kunywa mpaka wamsikie Ibn Umm Maktum. Na huyu alikuwa kipofu! Alfajiri haioni, lakini watu walimwambia kumekucha, ndipo akaadhini. Mji mzima ukaacha kula daku kwa sauti yake.

Sasa wewe mwenye ofisi, mwenye duka, au mwenye madrasa (ndiyo, hata madrasa). Kijana kaja na vyeti vyake na fimbo nyeupe, unamwambia "tutakupigia." Eti hataweza. Ulimuuliza anahitaji nini? Pengine ni programu tu ya kumsomea kwa sauti kwenye kompyuta. Pengine ni mtu wa kumwambia kumekucha.

Kwa Tanzania, sheria ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Kazini kwako mko wangapi? Hebu hesabu.

Surat Abasa ilishuka kwa ajili ya huyu huyu, siku aliyokunjiwa uso kwa sababu ya wakubwa wa Makureshi waliokuwepo. Baadaye Mtume akisafiri alimwachia Madina aiangalie. Madina nzima, jamani!

Kesho ukifika kazini, fungua lile faili la maombi yaliyowekwa pembeni. Allah atutakabalie funga zetu. Amin.