Ushahidi wa Chupa

Je, mtu aweza kudanganya bila kutamka neno la uongo? Tumuwaze kijana wa Kibwezi, katika Makueni, aliyechimba shimo karibu na njia ya reli akatoa chupa nzito ya kijani. Ubavuni mwake mna jina la kampuni kwa herufi zilizoinuka, na mwaka 1836. Siku ya pili akapita mnunuzi kutoka mjini. Alipousoma mwaka ule macho yalimtoka, akataja bei itoshayo karo ya muhula mzima. Kijana akanyamaza. Ni mwongo au si mwongo?

Kabla ya kumhukumu yatupasa kujua chupa husema nini. Mwaka ulioandikwa juu yake aghalabu ni mwaka wa kuanzishwa kwa kampuni, wala si wa kuundwa kwa chupa. Shahidi bora ni mshono. Chupa iliyopulizwa kwa pumzi ya mtu ndani ya kalibu ina mshono unaopanda ubavuni na kupotea shingoni, maana mdomo ulimaliziwa kwa mkono. Chupa ya mashine mshono wake hufika hata juu ya mdomo. Na mashine ya Michael Owens wa Marekani, iliyofanya kazi yote pasipo mpulizaji, ilikamilika mwaka 1903. Chupa ya soda yenye gololi shingoni nayo haitangulii miaka ya 1870, alipoibuni Hiram Codd wa Uingereza. Lakini yaweza kuwa changa mno, kwa kuwa Bara Hindi zingali zikitumika.

Kijana wetu amepitisha kidole, akauhisi mshono ukivuka mdomo. Anajua. Atajitetea kwamba mwaka hakuuandika yeye, na mnunuzi ana macho. Utetezi huu si mwepesi, nami sipendi wanaoudharau. Sokoni hatulazimiki kumfundisha kila mpita njia. Lakini kosa la mnunuzi lilikuwa mali yake mwenyewe mpaka kijana aliponyosha mkono kupokea fedha juu yake.

Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na urithi huhesabu kuwa kitu cha kale kile kilichoundwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895, na biashara yake yataka leseni. Kibwezi mpaka huo uko karibu sana: wamisheni wa Kiskoti walifika mwaka 1891, na reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Basi na aje afisa kuuliza habari za chupa. Kijana yule aliyekuwa bubu atapata ulimi papo hapo, na mshono atauonyesha mwenyewe! Imekuwaje chupa iwe kongwe mbele ya mnunuzi na changa mbele ya afisa?

Sasa mfikirie mwenzake wa Kitui, auzaye chupa kama hiyo kwa kimya kile kile, naye hajapata kusikia habari za mshono. Kimya ni kimoja, bei ni moja. Lakini huyu simwiti mwongo. Tofauti yao yote ni kidole kilichopita shingoni.

Nawe msomaji, tangu aya ya pili, udhuru wa kijana wa Kitui huna tena.